Kaimati Kwenye Mrija

Mwezi uliopita kaka yangu Swaleh alikuja kututembelea kutoka Ulaya, na kwa muda wote aliokaa nasi, nyumba yangu ya Bukoto, hapa Kampala, haikuwa na kiti kitupu. Wajukuu walimzunguka wakitaka awaonyeshe alivyokuwa akirusha ngumi. Akasimama katikati ya sebule, mzee mwenye ndevu nyeupe na tumbo la heshima, akainua mikono yake miwili, akawasimulia pambano lake la ukumbi wa Mengo. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni nikisikiliza. Anajua kusimulia, huyo. Aliitaja kengele, akautaja moshi wa sigara uliojaa ukumbini, akaitaja ile ngumi iliyompata kwenye taya na watu wote wakanyamaza. Kisha mjukuu wangu mdogo, anayependa kuuliza maswali yasiyotarajiwa, akamwambia, "Babu, si ulisema taya lilikuwa limevunjika kabla ya hapo? Ulikuwa unakula nini?" Swaleh akashusha mikono. Akanitazama kule mlangoni. "Hilo muulizeni bibi yenu," alisema. "Hilo lilikuwa pambano lake." Watoto wakacheka, wakadhani ni mzaha, wakamrudisha ulingoni. Hakuna aliyeniuliza. Basi naandika hapa, kwa sababu ule mwaka bado naukumbuka kwa ladha yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na vita vilivyouangusha utawala wa wanajeshi vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Tuliishi Kasubi, kwenye nyumba ya bati yenye vyumba vitatu na kibaraza, na jiko lilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, kimeungana na dirisha la chumba cha Swaleh. Mama alikuwa amekwenda Arua kumuuguza dada yake, kwa hiyo mwaka huo kibanda kile kilikuwa changu, pamoja na sigiri mbili za mkaa, sufuria tatu na kinu. Sisi Wanubi wa Kampala, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudan, wakati ule tulikuwa tumejifunza kuongea polepole barabarani. Kiswahili chetu, ambacho zamani tulikipaza bila kufikiri, watu wengi walikiona ni lugha ya askari, na walipokisikia dukani waligeuza shingo kuangalia ni nani. Wageni walikuwa wachache. Baba alikaa kibarazani jioni na viti viwili, kimoja chake na kimoja cha mgeni, na mara nyingi cha mgeni kilibaki kitupu. Swaleh ndiye aliyebadilisha hali hiyo. Alipoanza kushinda kwenye masumbwi, vijana wa mtaa, Waganda kwa Wanubi, walianza kuja kumwamkia Baba asubuhi. Ulingoni hakuna aliyemwuliza ni mtoto wa nani. Walimpigia makofi tu. Na mwaka ule alikuwa ametajwa kwamba atashindania nafasi ya kwenda kupigana nje ya nchi, kwenye timu ya taifa.

Kisha taya likavunjika, na si kwenye pambano. Ilikuwa mazoezini, siku ya kawaida, na mwenzake mzito kuliko yeye. Swaleh alikuwa ametema kinga ya meno ili acheke mzaha wa mtu fulani, na mwenzake hakuona. Walimleta nyumbani siku iliyofuata kutoka hospitali, meno ya juu yamefungwa na ya chini kwa nyaya nyembamba, uso umevimba mpaka jicho moja limefichika. Daktari alikuwa amesema asitafune kitu chochote kwa majuma mengi. Angekunywa chakula chake kwa mrija, kupitia pengo lililokuwa pembeni alikokuwa hana jino. Kocha wake, Kocha Musoke, alikaa kwenye kile kiti cha mgeni, kofia mikononi, akaongea Kiswahili chake cha Kampala ambacho mimi na Swaleh tulikuwa tukikiiga tukicheka. Siku hiyo hatukucheka. "Mzee," alimwambia Baba, "mimi napenda huyu kijana sana. Lakini ile siku ya mchujo, yeye napanda kwa mizani. Kama kilo yake imeanguka, mimi napeleka mtu ingine. Sasa mtu ya kutokura, atapata wapi kilo?" Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya chai, na nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Aliyetuletea oti alikuwa Mzee Farajalla, rafiki wa Baba, dereva wa lori aliyekuwa akisafiri kati ya Mombasa na Kampala. Aliposikia habari za Swaleh alishusha makopo makubwa manne ya hiyo nafaka iliyobanwa bapa, ambayo hatukuwa tumewahi kuipika nyumbani kwetu. "Wazungu wanawapa wagonjwa na farasi," alisema, "na wote wawili wanapata nguvu." Nilitwanga zile oti kwenye kinu zikawa unga, nikazichemsha kwa maji na chumvi kidogo, nikazichuja kwa kitambaa, nikapeleka kikombe na mrija. Swaleh alionja. Uso wake haukuweza kufanya mengi kwa uvimbe ule, lakini macho yalinitosha. "Gundi," alisema kupitia meno yaliyofungwa. Nikaongeza maziwa. Akavuta mara mbili, akageukia ukutani. Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Supu ya nyama ilimchefua, maziwa matupu yalimchosha, na uji wangu ulirudi jikoni umeganda kikombeni. Mashavu yalianza kuingia ndani. Shati lake la mazoezi, nililolifua na kulianika, siku alipolivaa lilimning'inia mabegani kama la mtu mwingine. Vijana wa asubuhi walipungua, halafu wakaacha kuja. Nilikuwa nikimsikia Baba kibarazani akikohoa peke yake.

Mpaka leo watu wakiniuliza nilijifunza wapi kupika, wanategemea nitaje chuo. Nilijifunza kwenye lile dirisha lililokuwa kati ya jiko na chumba cha kaka yangu. Asubuhi moja jirani yetu alikuwa akiandaa harusi ya binti yake, na akaniomba nimsaidie kukaanga kaimati, kwa kuwa sigiri zake hazikutosha. Nilikaa kibandani nikidondosha unga kwenye mafuta, na kwenye sigiri ya pili nilikuwa nachemsha shira ya sukari na iliki. Nilipoinua kichwa, nilimwona Swaleh amegeuka kutoka ukutani. Alikuwa amekaa kitandani, amefumba macho, anavuta pumzi kupitia puani, na koo lake linapanda na kushuka. Alikuwa anameza mate. Nilishika mwiko nikamtazama. Ndipo nilipoelewa kwamba kaka yangu hakuwa amepoteza njaa. Alikuwa na njaa kali kuliko sisi sote. Alichokuwa amechoka nacho ni kulishwa kama mgonjwa.

Kesho yake nilianza upya. Nilizitwanga oti, lakini kabla ya maji nilizikaanga kwa samli juu ya moto mdogo mpaka zikageuka rangi ya mkate na kibanda chote kikanukia. Nikamimina maziwa. Pembeni nilichemsha shira kama ile ya jana, iliki, ndimu kidogo, sukari ikaungua kidogo tu pembezoni, nikaichanganya humo. Nikachuja mara mbili. Nilimpelekea kikombe. Alikipokea kwa uso wa mtu anayepokea dawa, akaweka mrija kwenye pengo, akavuta. Akasita. Akavuta tena, na safari hii hakuacha mpaka mrija ulipoanza kukoroma chini ya kikombe.

"Nini hii?" aliuliza kupitia meno.

"Kaimati."

"Mwongo."

"Kaimati za mtu asiyetafuna."

Alinyoosha kikombe. "Ongeza."

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya kigoda, nikalia kidogo, halafu nikacheka, halafu nikaongeza.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ikawa mashindano kati yangu na sufuria. Nilikataa kurudia ladha moja siku mbili mfululizo. Kulikuwa na asubuhi ya keki ya nazi, ambayo niliipika kwa tui zito la nazi alizoleta Mzee Farajalla, na vanila matone machache. Kulikuwa na asubuhi ya halua, yenye samli nyingi, kungumanga na sukari niliyoiunguza mpaka ikawa nyekundu. Kulikuwa na bogoya, zile ndizi ndefu tamu za sokoni, nilizozikaanga zikaiva sana, nikaziponda, nikazipika na oti na mdalasini, na hiyo Swaleh aliipa jina la keki ya Idi. Kulikuwa na ya kakao, aliyoinywa akiwa amesimama. Na nilishindwa pia. Mananasi na maziwa vilinikatikia sufuriani vikawa kama sabuni iliyoyeyuka, nikamwaga yote nyuma ya nyumba, na kuku wenyewe wakayazunguka bila kuyagusa. Lakini sikuwa nacheza. Nilikuwa nimekumbuka mizani ya Kocha Musoke. Ndani ya kila ladha nilificha kitu cha kujenga mwili: njugu zilizosagwa laini mpaka zikatoa mafuta, ufuta uliotwangwa, mayai niliyoyapiga na kuyakoroga polepole juu ya mvuke yasigande, krimu ya maziwa ya jirani mwenye ng'ombe. Swaleh alifikiri anakula tamutamu ya sikukuu. Alikuwa anakula nyama ya bondia bila kuitafuna.

Maneno hayakukosekana. Ijumaa moja baada ya swala, Baba alikuwa na wageni wawili watatu kibarazani, nami nilikuwa napepea mkaa nyuma. Mmoja wao, mtu mwenye sauti nene, alisema, "Nasikia kijana wako siku hizi ananyonya halua kwa mrija kama mtoto." Wakacheka. Mwingine akasema kwamba binti wa umri wangu angekuwa kwake sasa, analea, si kumbembeleza kaka yake na sukari. Nilisubiri Baba aseme kitu. "Bondia anakula nyama," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Nimemwambia." Hakuwa ameniambia. Nilipepea ule mkaa mpaka cheche zikaruka. Juma lile lile Kocha Musoke naye alikuja, akamkuta Swaleh na kikombe cha keki ya nazi, akainusa, akashtuka, akaniita nnyabo, yaani bibie kwa Kiganda. "Banange! Hii ni chakura ya harusi! Wewe naua mimi, nnyabo. Bondia anakura nyama, anakura ndizi ya matooke."

Nilikuwa sijawahi kumjibu mtu mzima aliyekuja nyumbani kwetu. Lakini nilikuwa nimeamka na adhana, mikono inanuka samli, na nilikuwa najua kilichokuwa ndani ya kile kikombe. "Kocha," nilimwambia, "nyama ataitafuna na meno yapi? Wewe kazi yako ni ulingo. Niachie mimi mdomo wake mpaka utakapofunguliwa. Siku hiyo mpandishe kwenye mizani yako, kisha uje uniambie." Swaleh alianza kucheka, na kwa kuwa mdomo wake haukufunguka, kicheko kilitoka puani pamoja na uji. Kocha alinitazama, akamtazama yeye, akavaa kofia yake. Nilipogeuka nilimwona Baba amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Asubuhi iliyofuata nilikuta mfuko wa sukari juu ya kigoda changu, na hakuna aliyesema umetoka wapi.

Nyaya zilipotolewa, mdomo wake ulifunguka upana wa kidole tu, na alitembea nyumba nzima akiupima mbele ya kioo. Nikaacha kuchuja. Uji ukawa mzito, wa bakuli na kijiko, na vipande vya bogoya laini ambavyo aliviponda kwa ulimi akifumba macho kama mtu aliyesikia habari njema. Akaanza mazoezi. Kabla jua halijapanda nilisikia miguu yake ikishuka mlima, akienda Mengo kukimbia kandokando ya ukuta wa Lubiri, lile kasri la mfalme, na aliporudi, jasho likimtiririka, alipita moja kwa moja kibandani na kuuliza swali lile lile: "Leo nini?" Nami nilijibu kwa jina la kitu cha sikukuu. Bakuli lilikua. Shati la mazoezi likaanza kumbana tena. Vijana wa mtaa walirudi mmoja mmoja, kwanza kumsalimia, kisha kunusa.

Siku ya kupima uzani wanawake hawakuingia kwenye kile chumba cha klabu, kwa sababu vijana walipanda kwenye mizani nusu uchi. Mimi nilisimama nje, chini ya dirisha lililokuwa na wavu badala ya kioo, kanga imenifunika kichwa, nikisikiliza majina. Mizani ilikuwa ya chuma, ya kusogeza jiwe, na kila jiwe liliposogezwa lilitoa sauti ya kukwaruza. Wakaita jina la Swaleh. Nikasikia ubao ukilia chini ya miguu yake. Jiwe likakwaruza. Likanyamaza. Likakwaruza tena. Kisha nikasikia sauti ya Kocha Musoke, si ya kuongea bali ya kupiga kelele, "Eh! Eh! Rudisha tena, nione!" Jiwe likarudishwa. "Huyu iko sawasawa!" alipaza sauti. "Iko sawasawa kabisa! Naye amekura nini huyu?" Na kaka yangu, ambaye sauti yake ilikuwa imekaa kifungoni muda wote ule, akajibu kwa kinywa kizima ili nimsikie kule nje: "Harusi, Kocha! Nimekula harusi!" Wanaume wakaangua kicheko. Niliruka juu kama mtoto, kanga ikaanguka vumbini, na mama mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma akaniuliza kama nimepata mtoto wa kiume.

Pambano lenyewe la mchujo Swaleh amelisimulia mara nyingi, na mimi sitamnyang'anya. Nitasema nililoliona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akipigana, na Baba ndiye aliyenichukua, akaninunulia nafasi pembeni yake, mbele ya wanaume waliotushangaa. Raundi ya pili, yule kijana mwingine, mrefu na mwepesi, alimtafuta taya. Kila mtu ukumbini alijua taya lile lilikuwa na habari yake, na mpinzani wake pia alijua. Alikosa, akakosa tena, kisha akapata. Sauti ya ile ngumi niliisikia mpaka kwenye meno yangu. Ukumbi ukanyamaza, na mkono wa Baba ukaushika wangu kwa nguvu ya kuumiza. Swaleh alirudi hatua moja. Alifungua mdomo, akaufunga, akauchezesha kushoto na kulia, kama anaonja kitu. Halafu akatabasamu. Nikajua taya limeshika. Yule kijana naye alijua, kwa sababu kuanzia pale alipigana kama mtu aliyetumia kitu chake cha mwisho. Swaleh alimfuata kona kwa kona, miguu yake mizito na imara, na kengele ya mwisho ilipolia ni yeye aliyekuwa bado anasogea mbele. Mwamuzi akauinua mkono wake. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, bila kupunguza neno hata moja, na hakuna aliyegeuza shingo isipokuwa kupiga kelele pamoja nami.

Asubuhi iliyofuata uani kwetu palijaa. Walikuja mabondia wa klabu, wengine wana plasta usoni, wakaja vijana wa mtaa, akaja Mzee Farajalla na lori lake lote likiwa barabarani, wakaja wale waheshimiwa wa Ijumaa. Viti viwili vya kibarazani vilipotea katikati ya watu, na waliokosa walikaa juu ya magogo na madebe. Nilikuwa nimeazima sufuria kubwa ya harusi kwa jirani, na ndani yake ilikuwa oti ya kaimati, nzito, ya samli na iliki, kwa ajili ya kila mtu. Walikula kwa vikombe, kwa bakuli, mmoja alikula kwa mfuniko wa bati. Kocha Musoke alimaliza chake, akaja mpaka kibandani, akanyoosha kikombe kwa mikono yote miwili, kama wanavyofanya kwao mtu akimheshimu mwenzake. "Nnyabo," alisema, "ongeza." Kibarazani, yule mwenye sauti nene akauliza ni nani amepika kitu hiki. Nikamsikia Baba akisimama. Kiti chake kilikuwa na mlio wake. "Zamzam," alisema. "Binti yangu. Huyo kijana mnayemsifu tangu jana, ni yeye aliyemjenga upya. Mimi sikuamini, na nilikosea." Akaniita. Nilitoka na mwiko mkononi, masizi usoni, na wanaume wote wale wakanipigia makofi, mabondia kwa nguvu zaidi, maana mikono yao ilizoea.

Mama mmoja wa Kiganda, aliyekuja na mwanawe bondia, alinifuata jikoni. Alikwangua sufuria kwa kidole, akaonja, akaniuliza kwa Kiswahili cha kukatakata kama naweza kupika hiki kwa asubuhi ya kumuaga binti yake anayeolewa Jumamosi, watu wote wa ukoo watakuwepo. Mpaka leo sikumbuki kama nilifikiri. Nakumbuka nilikuwa nimefuta mikono kwenye kanga, na jua lilikuwa limeingia kibandani, na nje kaka yangu alikuwa anatafuna kipande cha nyama cha kwanza tangu avunjike taya, huku watu wakihesabu kwa sauti kila anapofunga meno.

"Naweza," nilimwambia. "Ukoo wenu una watu wangapi?"